Mwenye Hadithi Hatajwi

Najma, Doha
Ijumaa, baada ya adhuhuri

Dada Wakesho,

Pokea salamu zangu. Nimezitanguliza ingawa nimekasirika, kwa sababu Mama alitulea hivyo, mtu husalimu kwanza hata kama amekuja kugombana. Wundanyi hamjambo? Ukungu umeacha kuingia hadi jikoni? Watoto wako wanaendeleaje na masomo? Na sukari ya Mama je, imeshuka, au bado anaficha mandazi chini ya mto na kusema ni ya wageni? Hilo la Mama ndilo ninalotaka kujua kuliko yote, na ndilo mmeninyima.

Barua hii sikuipeleka posta. Nimempa mkononi Kerubo, yule muuguzi wa Kisii niliyekuwa nikikutajia. Anakuja likizo, atashukia Mombasa, na ameniahidi kupanda hadi kwako akukabidhi wewe mwenyewe. Mpe chai na umheshimu. Sikutaka kukuandikia kwa simu kwa sababu simu yako siku hizi ni ya ukoo mzima. Nikikutumia neno asubuhi, kabla ya chakula cha mchana Mjomba Kilelu amelisikia, na kufikia jioni liko kwa mchungaji. Karatasi angalau itabidi waje waiibe.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kazini, ndani ya chumba cha mashuka, nimesimama kati ya rafu. Niliusikiliza mara tatu. Ulisema ile video imefika kwenye kundi la ukoo, kisha kwa akina mama wa kanisa. Ulisema Mjomba ameitisha kikao. Ulisema Mama ameambiwa asipokee simu zangu mpaka jambo hili liishe, na kwamba simu yake umeichukua wewe, unaifungia kabatini kwako. Halafu ukashusha sauti, ile sauti yako ya kunibembeleza ninywe dawa nilipokuwa mdogo, ukasema: "Mghoi, andika sentensi moja tu. Sema ulikuwa unaigiza, ile hadithi si yako, ni ya mtu mwingine. Mchungaji ataisoma na mambo yataisha."

Dada, nimekaa na hiyo sentensi yako wiki mbili. Nimekunja mashuka nayo, nimelala nayo, nimepanda nayo basi la kampuni kwenda West Bay na kurudi. Sitaiandika. Nitakueleza kwa nini, na ukishasoma unaweza kunichukia kama utataka, lakini utakuwa unajua unachokichukia.

Mwaka jana Kerubo alianza kutualika kwake Al Wukair siku za Ijumaa. Yeye na wauguzi wenzake wamekodi nyumba huko, ina sebule kubwa isiyo na viti. Mwanzo tulikuwa tunakwenda kula tu. Mtu akishinda wiki nzima kwenye wali wa kampuni, sahani moja ya ugali na sukuma inaweza kumtoa machozi, sikutanii. Tukimaliza kula watu walikuwa wanasimulia mambo yao. Aliyetuharibu ni Salim, dereva wa lori kutoka Mombasa. Lori lilimpindukia huku, akakatwa mguu chini ya goti. Kesi yake haijaisha, kwa hiyo hana kazi na wala haruhusiwi kuondoka, anashinda kwa fundi cherehani mmoja Mnepali hapa Najma akishona vifungo. Salim hawezi kusimulia akiwa ameketi. Anasimama na gongo lake, anakuwa bosi, anakuwa polisi, anakuwa lori lenyewe. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Kidogo kidogo hiyo ikawa ndiyo kazi yetu ya Ijumaa. Tulikuwa sita. Wanne nakutajia: Kerubo, Salim, mimi, na Nakato, dada wa Kiganda anayelinda moja ya yale majengo marefu ya West Bay. Wawili sitawataja. Na kati yetu sisi sita wamo wanaopenda watu wa jinsia yao. Nimeliandika wazi ili usihangaike kulitafuta kati ya mistari. Hapa jambo kama hilo likimfikia kafili, yaani mwajiri anayeshika kibali chako cha kuishi, mtu anaweza kulala ndani, na akitoka huko safari yake ni uwanja wa ndege. Huko nyumbani mnajua wenyewe mnavyofanya.

Kwa hiyo tulijitungia sheria. Hakuna anayesimulia hadithi yake mwenyewe. Kila mmoja aliiandika yake bila jina, Kerubo akazichapa zote kwa mashine ya kazini ili mwandiko usimtoe mtu, tukazitia kwenye sufuria na kuchota. Ukichota yako unairudisha bila kusema kitu. Ile uliyochota unailea kama mtoto wa jirani aliyeachwa kwako, unaijua kwa moyo, unaitafutia nguo na namna ya kutembea, lakini baba yake humuulizi. Na ukiulizwa ni ya nani, unanyamaza. Hata kwa mume. Hata kwa mama. Tuliapa, Waislamu kwa dini yao na sisi kwa yetu.

Sheria ilikuwa nzuri lakini ilikuwa na tundu, na Salim ndiye aliyeliona. Alisema, "Nyinyi mwenye mambo ya moyoni mwaweza kubadilishana. Mimi mguu wangu n'tampa nani, na kila mtu auona?" Tulifikiri anajitoa. Kisha akaikunja karatasi yake akaitupa ndani ya sufuria. "Lakini itieni tu. Nimechoka kuulizwa mguu. Naye mwengine aulizwe."

Na mimi nikaitia yangu. Sasa ndipo ninapofika kwenye jambo usilolijua, Dada, na ningependa uketi.

Mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, mkono wangu wa kushoto uliingia kwenye mashine ya kunyoosha mashuka. Ni mashine yenye magogo mawili ya chuma cha moto, shuka inaingia upande huu ikiwa imelowa na kutokea upande ule ikiwa kavu. Mbele yake huwa pana kizuizi cha kukinga vidole. Chetu kilikuwa kimetolewa kwa sababu kilikuwa kinapunguza mwendo wa kazi. Nimebaki na dole gumba. Vile vinne vingine sina. Hospitalini ndiko nilikomjua Kerubo, ndiye aliyekuwa akinibadilishia bandeji na kunigombeza nisipokula.

Nilipotoka walinihamishia chumba cha mashuka ili nisionekane na wageni. Msimamizi alinipa glavu nyeupe, na ile ya kushoto aliijaza pamba vidoleni kwa mikono yake mwenyewe, akibonyezabonyeza ili isimame vizuri. Alisema mgeni akikutana nami kwenye lifti asishtuke. Nikamwambia asante. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimwambia asante. Zaidi ya mwaka nimevaa vidole vya pamba, na kila nilipowapigia simu ya video, mkono wa kushoto niliufunika kwa leso. Siku moja mwanao mdogo aliniuliza kwa nini Mama Mdogo ana baridi na Doha ni jua.

Hapo utaniuliza kwa nini sikuwaambia. Nitakujibu, lakini kwanza nikumalizie habari ya ile siku.

Wakenya wa huku wana umoja wao, na umoja una mwenyekiti, mtu wa tai na manukato mengi. Alisikia habari za Salim akaja kutuomba tufanye kitu siku ya familia, katika ukumbi wa shule. Alitaka walemavu waimbe wimbo wa shukrani. Alisema hivyo, walemavu waimbe, kana kwamba tumezaliwa kwaya. Kerubo akamwambia sisi hatuimbi, tunasimulia. Akakubali, nadhani kwa sababu alikuwa ameshawaahidi watu kwamba watalia. Siku yenyewe akashika kipaza sauti akawatangazia watu wawapokee ndugu zetu wasiojiweza. Salim akasema kwa sauti nyuma ya pazia kwamba tumejiweza kuja wenyewe, ukumbi ukacheka, na mwenyekiti naye akacheka kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Salim ndiye aliyefungua. Akaita paukwa, nusu ya ukumbi ikajibu pakawa, na ile nusu ya bara ikajibu hadithi njoo, vurugu tupu, lakini walikuwa wetu tayari. Nakato akafuata. Alitoka amevaa glavu nyeupe mkono wa kushoto. Akasimulia habari ya mashine inayokula polepole, na ya msimamizi anayejaza pamba. Aliigiza namna anavyobonyeza. Aliigiza ile asante. Watu walilia, Dada. Na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimtazama mwanamke mwenye vidole kumi akiubeba mkono wangu, na kwa mara ya kwanza sikuuonea aibu. Niliwaonea hasira waliokiondoa kile kizuizi. Sikujua kama hasira inaweza kumfanya mtu asimame wima namna ile.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilichota hadithi ya mwanamke aliyesoma chuo na mwenzake, wakalala chumba kimoja miaka mitatu, wakapendana. Mwenzake akaolewa. Hakulazimishwa kwa fimbo, alilazimishwa kama tunavyolazimishwa sote, kwa kuulizwa kila Krismasi. Huyu mwanamke alikwenda kwenye harusi, akapika, akabeba maji, akashangilia. Bibi harusi alipokuwa akiingizwa kwenye gari, yeye alikuwa nyuma ya nyumba akiosha masufuria, na watu wakimsifu kwamba hakuna rafiki kama huyu. Ndiyo hadithi yote. Niliicheza na karai, sufuria na maji ya kweli. Na kwa kuwa huwezi kusugua sufuria ukiwa na glavu ya pamba, nilivua glavu. Sikuwa nimepanga kumwonyesha mtu kitu. Niliivua kwa sababu ya kazi.

Mwisho wa hadithi mwanamke anainua sufuria, anaitazama kama inang'aa, anasema: "Nilimpenda kama mume wake anavyodhani anampenda." Ndiyo maneno yaliyowafikia Wundanyi. Niliyasema mikono yote miwili ikiwa juu, sufuria katikati, taa za ukumbi zikiniangaza. Mama mmoja wa mstari wa tatu alimfunika mwanawe masikio, na mwingine nyuma yake alilala kifudifudi juu ya mapaja yake akilia, na mpaka leo ninamfikiria yule wa pili.

Mwenyekiti alikuja akachukua kipaza sauti, akaomba sala ndefu ya kuutakasa ukumbi, akasema hii ya mwisho haikuwa kwenye ratiba. Halafu akaja nyuma. Alikuwa mpole. Nataka uelewe kwamba alikuwa mpole, alituletea hata soda. Akasema, "Mimi hapa ni kama mzazi wenu. Niambieni tu hii story ni ya nani, mtu wetu asaidike kabla hii kitu haijaenda mbali." Sote sita tukatazama soda zetu. Tangu siku hiyo amekuwa akituita mmoja mmoja. Mmoja wetu ameshahojiwa na msimamizi wake kazini, ambaye si Mkenya wala hakuwepo ukumbini, kwa hiyo kuna aliyempelekea habari. Huyo mtu sasa halali vizuri na hali vizuri, na ana mama kama wetu anayemtegemea.

Sasa itazame sentensi yako vizuri. Si yangu, ni ya mtu mwingine. Mchungaji ataisoma kanisani. Akina mama wataishangilia, watairekodi kama walivyozoea, wataituma. Video ilitoka Doha ikafika Wundanyi kwa siku mbili, wewe unadhani sentensi itachukua muda gani kurudi? Mwenyekiti ataisikia, naye ni mtu wa kujua hesabu ndogo. Walikuwa sita. Ukimtoa Mghoi wamebaki watano. Mnaniomba niokoe jina langu kwa kumsukuma mtu mwingine mbele, na mnaniomba nifanye hivyo kanisani.

Mimi sikasiriki kwa sababu mmenifikiria vibaya. Mtu anaweza kufikiria anachotaka. Nimekasirika kwa jambo jingine, na jambo hilo lilikuwa mwisho kabisa wa ujumbe wako, baada ya kikao na baada ya mchungaji. Ulisema, kwa sauti ya huruma, "Na yule dada Mganda aliyekatwa vidole, maskini, sisi sote tumemlilia. Mpe pole nyingi. Mama amemwombea kwa jina."

Video mnayo. Itazame tena. Yule dada Mganda ana vidole vyake vyote, amevikunja ndani ya glavu kwa sababu ana kipaji. Mimi ndiye niliyesimama baada yake mkono mtupu chini ya taa, nimeinua sufuria kwa vidole vitano na dole gumba. Ukoo mzima umeitazama video hiyo. Uliniambia wewe mwenyewe jinsi Mjomba Kilelu alivyoisimamisha mahali hapo, akaikuza picha, akawaonyesha watu zile hereni nilizopewa na Mama ili athibitishe kwamba ni mimi. Aliikuza picha, Dada. Aliona hereni. Mlisikia neno moja mkawa vipofu wote, na mtoto wenu amesimama pale na mkono uliokatika, na hakuna mmoja, hata mmoja, aliyeuliza.

Pole yenu nilimpelekea Nakato kama ulivyoniagiza. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya Kerubo akifunga kamba za viatu vya kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii pole ni ya kwako, si yangu. Kamata." Akanipa mkono, na tukakaa hapo mpaka basi lake likaja. Hivyo ndivyo nilivyopata pole ya nyumbani kwetu, kutoka kwa mtu wa Masaka.

Ulitaka kujua kwa nini nilificha. Nilificha kwa sababu ya Mwadime. Usijifanye umesahau. Mwadime mtoto wa shangazi, ambaye miguu yake haikunyooka tangu kuzaliwa. Siku walipokuja watu wa shemeji kukuposa, nani walimbeba wakamfungia kwenye chumba cha mahindi? Wewe ulishika mabega na mimi nikashika miguu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Tulimpa redio na tukamwambia asiiwashe. Alikaa humo kuanzia asubuhi mpaka wageni wakaondoka, na tulipofungua mlango alituuliza kama nyama imebaki. Mimi nilicheka. Mashine iliponiachia mkono, kabla sijasikia hata maumivu, picha iliyonijia ni ile ya mlango wa chumba cha mahindi. Nilijua mnavyowapenda watu kama mimi sasa. Mnawapenda wakiwa ndani.

Nami sijitoi. Nimekaa huku nikijifungia mwenyewe, chini ya leso, bila kuhitaji mtu wa kunibeba. Ijumaa moja niliwasimulia wenzangu habari ya Mwadime, nikidhani watanifukuza. Salim aliniuliza tu kama Mwadime anajua kusimulia. Nikasema sijui. Miaka yote hiyo nimeishi naye ua mmoja na sijui kama anajua kusimulia. Basi mwulize wewe. Mwulize mbele ya watu, ukumbini mwa kanisa kama wakikubali, na msimchagulie wimbo.

Utakaposoma hapa najua utasema, lakini Mghoi, mbona hujibu swali? Wewe ni mmoja wa hao wapendao jinsia yao, au siyo? Dada, wewe ulinilea mgongoni, ungeniuliza kwa sababu unataka kunijua ningekwambia maisha yangu yote, yaliyomo na yasiyomo. Lakini hukuniuliza. Uliniletea jibu tayari ukaniomba sahihi. Kwa hiyo hutapata la ndiyo wala la hapana. Ninachoweza kukwambia ni kwamba nilipoichota hadithi ile na kuisoma, sikupata hata mstari mmoja wa kuonea aibu. Nimeisema mara moja ukumbini na nitaisema tena nikipata nafasi.

Mwambie Mjomba, kwenye kikao chake, kwamba nimekubali kuandika sentensi, ila si ile yake. Kama ukoo, mchungaji na mwenyekiti wa hapa hawawezi kulala mpaka hadithi ipate mwenyewe, basi waandike mwenyewe ni Mghoi. Hii hapa, kwa mkono wangu: hadithi ile ni yangu. Isomeni kanisani. Irekodini, itumeni, ije mpaka Doha. Mimi nimeshakatwa vidole hapa na nikasema asante, sasa sina hofu kubwa sana ya msimamizi. Mkataba wangu umebaki miezi mitatu, na wakitaka kunirudisha mapema watakuwa wamenipunguzia safari. Ikifika hapo yule mwenzangu atalala, na watu watano watakuwa wameachwa.

Kerubo ananiambia nimefanya jambo la kijinga. Salim anasema ni la kijinga lakini limechezwa vizuri. Nakato aliondoka akaniletea sufuria mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza. Ninakuandikia nikiwa nimeiweka mbele yangu, na bila glavu, maana zile glavu nilizirudisha kwa msimamizi wiki jana, nikaitoa pamba moja moja mezani kwake. Mpaka sasa wageni wa lifti hakuna aliyezimia.

Sasa salamu. Shemeji, mumeo, msalimie, mwambie nashukuru kwamba hakuandika kitu kwenye kundi, kimya chake nimekisikia. Shangazi, mama yake Mwadime, mwambie ninamwomba msamaha kwa mlango ule, na Mwadime mwenyewe nitamwomba kwa mdomo wangu. Watoto wako wabusu, na yule mdogo mweleze ukweli kuhusu mkono wa Mama Mdogo, asije akaambiwa na mtu mwingine. Mchungaji mpe salamu za heshima, ni mzee. Mjomba Kilelu naye msalimie, mwambie hereni zinanipendeza kweli.

Mama sikumtumia salamu kupitia kwako, na wala usimsomee barua hii. Habari ya mkono wangu ni yangu na nitamwambia mwenyewe, kwa sauti yangu, na hilo lingine pia nitamwambia akiniuliza. Jumapili mkitoka kanisani, saa nane, nitapiga simu yake ile iliyo kabatini kwako. Ufunguo unao wewe peke yako, na wakati huo Mjomba atakuwa bado anaagana na watu. Nitaiacha ilie mpaka ikatike, kisha nitapiga tena, na tena.

Mpe Mama simu yake.

Mdogo wako,
Mghoi